Njia ya Chakula Mwilini na Magonjwa ya Tumbo

Moto hauwaki pasipo kuni, na mwili haufanyi kazi pasipo chakula. Mtu akilima, akisoma, akicheza mpira, hata akilala usingizi, mwili wake unatumia nguvu. Nguvu hiyo hutoka katika chakula. Tena mtoto hukua: mifupa yake hurefuka, meno mapya huota, jeraha la mguu hupona na ngozi mpya hufunika mahali pake. Vitu vya kujenga mwili namna hiyo navyo hutoka katika chakula.

Lakini tonge la bukari lililo mkononi haliwezi kuingia katika damu kama lilivyo. Ni sharti kwanza lisagwe, lilowanishwe na kugeuzwe, mpaka liwe maji mepesi yanayoweza kupenya ngozi nyembamba ya matumbo. Kazi hiyo huitwa kumeng'enya chakula. Hufanyika katika mfereji mmoja mrefu unaoanza kinywani na kuishia penye tundu la haja kubwa. Kwa mtu mzima mfereji huo una urefu wa meta 8 au 9, ingawa mtu mwenyewe hafiki hata meta 2. Mwumba aliupanga kwa kuukunja-kunja ndani ya tumbo, kama vile kamba ndefu inavyokunjwa ndani ya kikapu.

Anayetaka kuwasaidia wagonjwa hana budi kuijua njia hiyo vizuri, sehemu kwa sehemu. Ndiyo maana katika shule za wauguzi fundisho la matumbo hutangulia fundisho la magonjwa ya matumbo. Fundi asiyejua baiskeli nzima ilivyo hawezi kutengeneza baiskeli mbovu.

SEHEMU YA KWANZA: SAFARI YA CHAKULA

1. Kinywa

Safari huanza kinywani. Mtoto mdogo ana meno 20 ya utoto. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Meno ya mbele hukata, meno yenye ncha huchana, na magego husaga. Ulimi hugeuza chakula na kukisukuma chini ya magego, kama mama anavyosukuma mahindi chini ya jiwe la kusagia.

Wakati huo mate hutoka. Mate hulowanisha chakula, tena yana nguvu ya kugeuza unga kuwa sukari. Jambo hilo laweza kujaribiwa darasani. Kila mwanafunzi achukue kipande kidogo cha mkate au cha muhogo uliopikwa, akitafune polepole bila kumeza, akihesabu mpaka 60. Mwanzoni hakina utamu. Mwishoni ulimi unaonja sukari. Hakuna mtu aliyetia sukari ile: mate yameitengeneza kutoka katika unga.

Basi mtu anayemeza upesi bila kutafuna anaiachia sehemu nyingine kazi ya meno, na hizo hazina meno.

2. Koo na umio

Kooni pana njia mbili: moja ya hewa, inayokwenda katika mapafu, na moja ya chakula, inayokwenda tumboni. Mtu anapomeza, kifuniko kidogo kiitwacho kidakatonge hufunika njia ya hewa. Akicheka au akisema huku anameza, punje yaweza kuingia njia ya hewa, naye hupaliwa na kukohoa kwa nguvu. Kwa sababu hiyo wazazi hukataza makelele wakati wa kula. Si adabu tu. Ni kulinda uhai.

Njia ya chakula huitwa umio. Ni bomba la nyama lenye urefu wa santimeta 25 hivi. Chakula hakianguki ndani yake kama jiwe kisimani, bali kuta za umio hujikaza nyuma ya tonge na kulisukuma mbele. Hata mtu aliyelala chali aweza kumeza.

3. Tumbo la chakula

Umio humimina chakula katika tumbo lenyewe. Hilo ni mfuko wa nyama, mahali pake ni chini ya mbavu, upande wa kushoto zaidi. Kwa mtu mzima laweza kupokea lita 1 au lita 1 na nusu ya chakula na maji. Kuta zake hufinya na kukoroga chakula, na kutoa maji makali yenye asidi. Asidi hiyo huanza kumeng'enya nyama na samaki, tena huua vijidudu vingi vilivyomezwa pamoja na chakula. Tumbo haliungui kwa asidi yake kwa kuwa limepakwa ndani ute mzito unaolilinda.

Zamani watu hawakujua kazi ya tumbo. Walibishana kama linasaga chakula tu, au linakipika kwa joto, au linakiozesha. Jambo lililofunua ukweli ni ajali. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja mzaliwa wa Kanada, jina lake Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya bunduki ya kuwindia kwa bahati mbaya. Risasi ilipasua ubavu na tumbo. Mganga wa askari, William Beaumont, alimtunza. Kijana akapona, lakini tundu la tumbo halikuzibika. Likabaki kama kidirisha. Kwa miaka kadhaa Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akaviingiza katika tundu lile, akavitoa baada ya muda ili aone vimekuwaje. Aliyachota pia maji ya tumbo, akayatia katika chupa pamoja na nyama, akaipasha chupa joto kama la mwili. Nyama ikalainika na kuyeyuka ndani ya chupa, ijapokuwa hakuna tumbo la kuikoroga. Mwaka 1833 aliandika kitabu juu ya yote aliyoyaona. Tangu hapo watu walijua kwa hakika kwamba yapo maji yanayogeuza chakula. Alexis naye aliishi mpaka mwaka 1880.

Chakula hukaa tumboni kwa saa 2 mpaka 4 hivi. Chakula chenye mafuta mengi hukaa zaidi. Kwa hiyo mtu aliyekula sombe yenye mawese mengi hachelewi kushiba, bali huchelewa kuona njaa.

4. Utumbo mwembamba

Kutoka tumboni, chakula, ambacho sasa kimekuwa kama uji, huingia kidogo-kidogo katika utumbo mwembamba. Huo una urefu wa meta 6 hivi, na upana kama kidole gumba au kuzidi kidogo. Ndiyo sehemu iliyo kubwa kwa kazi.

Mwanzoni mwake hupokea msaada wa jirani wawili:

— Ini. Liko upande wa kuume chini ya mbavu, na uzito wake kwa mtu mzima ni kilo 1 na nusu hivi. Ini hutengeneza nyongo, maji machungu ya rangi ya kijani na manjano. Nyongo huwekwa akiba katika kifuko kilicho chini ya ini, na chakula kikija huminywa. Kazi yake ni kuvunja-vunja mafuta, kama sabuni inavyovunja mafuta ya sahani.

— Kongosho. Liko nyuma ya tumbo. Maji yake hugeuza unga, nyama na mafuta, tena huzimisha ukali wa asidi itokayo tumboni.

Kwa ndani, utumbo mwembamba umejaa vinyweleo vidogo sana, laini kama nyuzi za taulo. Ndani ya kila kinyweleo mna mishipa myembamba ya damu. Hapo ndipo sukari, chumvi, maji na vitu vya kujenga mwili hupenya na kuingia katika damu. Damu huvipeleka kwanza katika ini, kisha mwili mzima. Mtu hashibishwi na chakula kilicho tumboni tu; hulishwa na chakula kilichoingia katika damu.

5. Utumbo mnene

Mabaki yasiyomeng'enywa, kama maganda na nyuzi za mboga, huingia katika utumbo mnene. Huo una urefu wa meta 1 na nusu, na umezunguka tumbo kama fremu ya picha. Mwanzoni mwake, upande wa kuume chini, pananing'inia kimkia kidogo kiitwacho kidole tumbo. Kazi kubwa ya utumbo mnene ni kunyonya maji yaliyobaki. Uji unageuka kuwa mavi magumu kidogo, na hutoka kwa haja kubwa. Safari nzima yaweza kuchukua siku 1 mpaka 3.

6. Hesabu ya maji

Jambo hili lashikwe vizuri, maana maisha ya watoto wengi yamefungwa ndani yake.

Kila siku mtu mzima hunywa na kula maji kama lita 2. Lakini matumbo hupokea zaidi ya hayo, kwa kuwa mwili wenyewe humimina maji yake ndani ya mfereji: mate lita 1 na nusu, maji ya tumbo lita 2, nyongo nusu lita, maji ya kongosho lita 1 na nusu, na maji ya utumbo wenyewe lita 1 na nusu. Hiyo ni lita 7 hivi. Ukijumlisha na zile 2 za kunywa, ni karibu lita 9 kila siku. Katika haja kubwa ya mtu mzima wa afya hutoka kikombe kimoja kidogo tu. Yote mengine hurudi katika damu.

Basi matumbo ni kama mto unaozunguka: maji hutoka katika damu na hurudi katika damu. Je, itakuwaje siku ile maji yakitoka wala yasirudi?

SEHEMU YA PILI: MAGONJWA

1. Kuhara

Mtu anayekwenda haja ya maji-maji mara 3 au zaidi kwa siku moja, huyo anahara. Vijidudu vilivyoingia kwa maji machafu, kwa mikono isiyonawiwa au kwa chakula kilichokanyagwa na nzi vimeyavuruga matumbo yake. Maji hayarudi tena katika damu, bali hukimbilia nje pamoja na chumvi ya mwili.

Ubaya wa kuhara si uchafu wala harufu. Ubaya ni kukauka. Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita 1 ya maji, amekwisha kufika karibu na kifo. Damu yake imekuwa nzito na kidogo. Moyo hauna kitu cha kusukuma.

Kuhara kunakopita kuhara kote ni kolera, ambayo wengine huiita kipindupindu. Kijidudu chake hutoa sumu inayoulazimisha utumbo kumimina maji ya mwili bila kukoma. Haja yake ni nyeupe kama maji yaliyooshea mchele. Mtu mzima aweza kupoteza lita 1 kwa saa moja, na aliye mzima asubuhi aweza kufa jioni. Tangu miaka ya 1970 kolera imejulikana katika Kongo, hasa kando ya maziwa ya mashariki, kama ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Walikunywa maji ya ziwa kama yalivyo. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano. Haikuwezekana kuchimba vyoo, wala makaburi. Kolera na kuhara damu vikawaingia, na katika mwezi mmoja karibu watu 50,000 wakafa.

2. Mtungi unaovuja

Wako wazazi wanaomnyima maji mtoto anayehara. Husema: «Akinywa, atazidi kuhara.» Wanampenda mtoto wao, lakini wanakosea. Maji yanayotoka si yale aliyokunywa tu. Yanatoka katika damu yake. Mwenye mtungi unaovuja, akiacha kutia maji kwa sababu unavuja, ataukuta mtupu. Afanye nini basi? Atie maji upesi kuliko yanavyovuja, huku akitafuta namna ya kuuziba.

Wengine humtia mtoto dawa kali ya majani kwa njia ya haja kubwa ili «kusafisha tumbo». Hiyo ni hatari kubwa. Matumbo yaliyochoka hupata jeraha juu ya jeraha, na maji huzidi kutoka.

Lakini maji matupu peke yake hayatoshi, maana utumbo mgonjwa huyapokea kwa shida. Waganga waligundua jambo la ajabu: katika ukuta wa utumbo mna mlango mmoja ambao sukari na chumvi hupita pamoja, zikishikana mikono, na maji huzifuata nyuma. Mlango huo hata kolera haiufungi. Chumvi bila sukari hubaki nje. Sukari ikiwa pamoja na chumvi, mlango unafunguka.

Mwaka 1971 vita viliwafukuza watu wengi kutoka nchi iitwayo leo Bangladesh. Walikimbilia Uhindi, na katika kambi ya Bangaon kolera iliwashika. Mganga Dilip Mahalanabis alikuwa na maji machache ya kutia katika mishipa kwa sindano, nayo yakawa karibu kwisha. Wagonjwa walilala chini kwa kukosa vitanda. Akaamua kuchanganya sukari na chumvi katika maji safi ndani ya mapipa, akawaambia ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo, katika wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30. Baada ya hapo walikufa chini ya 4. Mama aliyeshika kikombe aliweza kufanya kazi ya sindano.

3. Kinywaji cha uhai

Kwenye kituo cha afya pana pakiti ndogo za unga wa kuchanganya na maji. Hizo ndizo bora. Pakiti isipopatikana, kinywaji hutengenezwa nyumbani hivi:

— maji safi yaliyochemshwa na kupoa: lita 1;
— sukari: vijiko vidogo 6 vya chai, vilivyosawazishwa;
— chumvi: nusu ya kijiko kidogo cha chai, iliyosawazishwa.

Koroga mpaka viyeyuke. Onja: kinywaji kisiwe na chumvi kupita machozi. Chumvi ikizidi huleta madhara makubwa, kwa hiyo kupima kwa mkono au kwa kukisia ni kosa. Kinywaji kilichobaki baada ya siku moja kimwagwe, kingine kitengenezwe.

Kila mara mtoto aendapo haja, mwenye umri chini ya miaka 2 apewe santilita 5 mpaka 10, yaani robo au nusu ya kikombe. Mwenye miaka 2 mpaka 10 apewe santilita 10 mpaka 20. Apewe kwa kijiko, polepole. Akitapika, angojewe dakika 10, kisha aanze tena polepole zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula uji na chakula laini, maana mgonjwa hajengwi na njaa. Muuguzi huwapa watoto pia vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14. Huwasaidia kupona upesi na kutorudia ugonjwa.

4. Macho ya muuguzi

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kutazama kabla ya kushika chupa ya dawa. Huuliza: Tangu lini? Mara ngapi? Haja ina damu? Anakunywa? Anakojoa? Kisha hutazama macho, kinywa na ngozi.

Macho yakiwa yamedidimia, kinywa kikiwa kikavu, mtoto akilia bila machozi na kunywa kwa pupa, amekwisha kukauka. Muuguzi hushika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, huivuta na kuiachia. Ngozi ya mzima hurudi mara moja. Ya aliyekauka hurudi polepole. Mtoto akiwa mlegevu, hawezi kunywa wala hajui mama yake, huo si wakati wa kungojea kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile, atiwe maji katika mishipa. Na njiani, kama aweza kumeza, azidi kunyweshwa.

5. Kuhara damu

Mtu akipata haja ndogo-ndogo yenye damu na ute, huku tumbo likimsokota, vijidudu vimejeruhi utumbo mnene. Kuna kuhara damu kwa namna mbili: kule kwa amiba na kule kwa bakteria. Dawa zake ni mbalimbali, hivyo mtu asinunue vidonge sokoni kwa kukisia. Aende kituo cha afya, haja yake itazamwe kwa hadubini.

6. Minyoo

Minyoo ni wageni wasioalikwa: hula katika sahani ya mwenye nyumba, naye hukonda.

Mchango ni mnyoo mrefu mweupe, wa santimeta 20 mpaka 35. Jike moja laweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mayai hutoka kwa haja kubwa, hukaa udongoni, na humezwa pamoja na matunda yasiyooshwa au kwa mikono michafu. Michango ikiwa mingi yaweza kuziba utumbo wa mtoto.

Safura huletwa na minyoo midogo ya santimeta 1, ambayo haingojei kumezwa. Huingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, hasa mahali watu wanapojisaidia ovyo. Hujishika katika utumbo na kunyonya damu. Mtoto huwa mweupe viganjani na machoni, huchoka upesi, husinzia darasani. Mwalimu humwita mvivu, kumbe damu yake inanyonywa usiku na mchana.

Tegu ni mrefu kama utepe, wa meta kadhaa. Hutoka katika nyama ya nguruwe au ya ng'ombe isiyoiva vizuri.

Dawa za minyoo, kama mebendazoli na albendazoli, ni rahisi na hufanya kazi. Lakini anayemeza dawa leo na kesho akajisaidia porini tena amemfukuza mwivi na kuacha mlango wazi.

7. Vidonda vya tumbo

Pengine ute unaolinda tumbo hupungua, na asidi huchoma ukuta. Mgonjwa huona maumivu ya moto chini ya kifua, mara nyingi akiwa na njaa au usiku. Kwa muda mrefu watu walidhani chanzo ni wasiwasi na pilipili tu. Waganga wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba mara nyingi chanzo ni kijidudu kinachoishi tumboni. Mwaka 1984, wengi walipokuwa wakikataa kusadiki, Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye vijidudu hivyo, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Sasa vidonda hivyo huponywa kwa dawa za kuua vijidudu pamoja na za kupunguza asidi. Chanzo kingine ni kumeza ovyo dawa za maumivu, kama aspirini. Mgonjwa akitapika damu, au haja yake ikiwa nyeusi kama lami, apelekwe hospitali bila kukawia.

8. Tumbo linalohitaji kisu

Maumivu mengine hayaponi kwa kidonge. Maumivu yaanzayo kitovuni, kisha yakahamia upande wa kuume chini, pamoja na homa na kutapika, ni alama ya kidole tumbo kilichovimba. Ngiri iliyotoka na isiyotaka kurudi, yenye kuuma, ni utumbo uliobanwa. Tumbo gumu kama ubao, lisilotaka kuguswa, huonyesha pengine utumbo umetoboka, kama inavyotokea katika homa ya matumbo. Katika mambo hayo mtu asipewe dawa ya kuharisha, asikandwe tumbo, asipewe chakula. Msaada mmoja tu ndio unaofaa: machela, na njia fupi ya kwenda hospitali.

SEHEMU YA TATU: KULINDA NYUMBA

Karibu magonjwa yote ya kuhara na minyoo hufuata njia moja: kutoka katika haja ya mtu mmoja mpaka kinywani mwa mwingine. Hupita katika maji, mikono, nzi na udongo. Anayeikata njia hiyo ameokoa watu wengi kuliko mwenye sanduku la dawa.

— Kila nyumba iwe na choo chenye kifuniko, mbali na kisima meta 30 au zaidi, wala kisiwe juu ya kisima mlimani.
— Mikono inawiwe kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni haipo: baada ya kwenda chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula.
— Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1. Mahali pa milima mirefu, dakika 3. Yawekwe katika chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kikombe chenye mkono.
— Chakula kiliwe kikiwa cha moto. Ndagala na sombe zilizolala zichemshwe tena.
— Mihogo michungu ilowekwe majini siku 3 au zaidi, kisha ianikwe. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo katika nchi ya Kwango: miguu ya watoto na wanawake hukakamaa ghafula, wala haiponi. Hutokea mahali watu wanapokula mihogo isiyolowekwa ya kutosha, tena bila samaki, nyama wala maharagwe ya kutosha.

Mtume Paulo aliufananisha umoja wa waamini na mwili: kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia pamoja. Kijiji nacho ni vivyo hivyo. Familia moja isiyo na choo huwaletea ugonjwa jirani zote. Mtoto mmoja aliyejifunza kupima vijiko 6 na nusu kijiko aweza kuwa msaada wa mtaa mzima. Mwanafunzi aliyesoma fundisho hili asilifunge ndani ya daftari. Jioni hii amweleze mama yake, na amwonyeshe kwa kijiko.

MASWALI

1. Taja kwa utaratibu sehemu ambazo chakula hupitia, toka kinywani mpaka mwisho.
2. Kwa nini mkate uliotafunwa sana huwa mtamu?
3. Nyama iliyeyukaje katika chupa ya Beaumont? Jambo hilo lilifundisha nini?
4. Kwa nini ni kosa kumnyima maji mtoto anayehara? Jibu kwa mfano wa mtungi.
5. Kwa nini kinywaji kinahitaji sukari na chumvi pamoja?
6. Hesabu: Mtoto wa mwaka 1 amekwenda haja mara 6, na kila mara amepewa santilita 10 za kinywaji. Amekunywa kiasi gani? Je, chupa ya lita 1 imetosha?
7. Hesabu: Mama ana maji nusu lita tu. Atie vijiko vingapi vya sukari, na chumvi kiasi gani?
8. Eleza alama 4 za mtoto aliyekauka. Ni alama gani zinazoonyesha kwamba apelekwe hospitali saa ile ile?
9. Zoezi: Chora nyumba, kisima na choo. Andika ni meta ngapi kati ya choo na kisima, na onyesha mahali pa kunawia mikono.